Bahari Ilipohamia Nyikani

Katika Fort Jesus, Mombasa, ipo mizinga miwili ambayo wageni wengi huipita haraka wakikimbilia kivuli. Mmoja ulitoka kwenye manowari ya Kijerumani, Königsberg, na mwingine kwenye manowari ya Kiingereza, Pegasus. Meli ya kwanza ndiyo iliyoizamisha ya pili, bandarini Unguja, alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914. Leo mizinga yao imewekwa pamoja kama wazee waliogombana ujanani na sasa wanaota jua baraza moja. Saa sita mchana huwezi kuushika mtutu wake. Chuma kinaunguza kiganja.

Nilipoiona mara ya kwanza niliamini kwamba hadithi yake ni ya maji ya chumvi tu. Kumbe sehemu kubwa ya hadithi hiyo iko mbali na bahari, kwenye vumbi jekundu la Voi, Mwatate, Bura na Maktau, mpaka Taveta chini ya Kilimanjaro. Sura hii ni ya vumbi hilo. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, Mombasa haikulindwa na kuta za Fort Jesus. Ililindwa nyikani, na watu wa Taita na Taveta ndio waliotozwa gharama ya ulinzi ambao hawakuuomba.

Tuanze na ngome yenyewe, kwa sababu nayo ilizaliwa na hofu ya wavamizi wa baharini. Mwaka 1585 nahodha wa Kituruki, Mir Ali Bey, aliteremka kutoka Bahari ya Shamu akiwa na nguvu ndogo mno. Miji mingi ya Waswahili ilimpokea kwa mikono miwili, maana ilikuwa imechoshwa na ushuru wa Wareno. Aliondoka na ngawira, akarudi miaka mitatu baadaye na merikebu tano, akajichimbia Mombasa. Wareno wakaleta kundi la meli kutoka Goa, wakamkamata mwaka 1589 na kumpeleka Lisbon. Tangu hapo hawakulala usingizi. Mwaka 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus, na mizinga yake ikaelekezwa kwenye mlango wa bahari.

Lakini ngome hulinda upande mmoja tu, ule inaoutazama. Tarehe 16 Agosti 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walikuwa wamemlea Goa na kumbatiza jina la Jerónimo, aliingia ndani ya ngome hiyo na kuitwaa. Mwaka uliofuata aliiacha, akachukua meli na kugeuka yeye mwenyewe kuwa mvamizi wa baharini, akiwawinda Wareno mpaka alipofariki mwaka 1638. Adui aliyeogopwa kutoka baharini alitokea ndani ya nyumba.

Zamani hizo mfalme wa Ulaya angeweza kumpa mwenye meli binafsi hati ya kuteka meli za adui na kugawana naye mali. Mwenye hati hakuitwa haramia ingawa kazi ilikuwa ileile. Mwaka 1856 mataifa makubwa yalikubaliana jijini Paris kuifuta biashara hiyo. Hati zikafutwa, tamaa ikabaki. Vita vilipoanza mwaka 1914 kazi ya kuwinda meli za biashara ilikuwa imehamishiwa kwa manowari za serikali zenyewe, zilizojengwa kwa mbio na masafa. Katika Bahari ya Hindi Wajerumani walikuwa na mbili za kuogopwa: Emden, na hiyo Königsberg.

Königsberg iliwasili Dar es Salaam mwezi Juni 1914 chini ya Kapteni Max Looff. Ilikuwa na mizinga kumi ya milimita 105. Siku ya mwisho ya Julai ilitoka bandarini, na tarehe 6 Agosti, siku mbili tu baada ya Uingereza kutangaza vita, iliikamata meli ya biashara City of Winchester karibu na Ghuba ya Aden ikiwa imepakia chai. Ilikuwa meli ya kwanza ya biashara ya Uingereza kutekwa katika vita vile. Habari hiyo ilitosha kuwatia wasiwasi wenye meli tangu Bombay hadi Mombasa. Lakini mvamizi wa zama za mvuke alikuwa na udhaifu ambao Mir Ali Bey hakuujua. Tanga la jahazi hujazwa na upepo wa Mungu, tanuri la manowari linataka makaa ya mawe kila siku. Baada ya kuipiga Pegasus, Königsberg ilijificha kwenye matawi ya mto Rufiji, katikati ya mikoko, na humo ikazingirwa. Tarehe 11 Julai 1915 ilipigwa na meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zikielekezwa shabaha na ndege.

Vitabu vingi vya vita vya majini hufunga ukurasa hapo. Mimi naona ndipo hadithi inapoanza kupanda bara.

Ni lazima kujiuliza Mombasa ya mwaka 1914 ilikuwa nini. Fort Jesus ilikuwa gereza tangu 1895, nayo ingebaki hivyo mpaka 1958. Ukanda wa maili kumi wa pwani ulikuwa bado, kwa karatasi, mali ya Sultani wa Zanzibar, umekodishwa kwa Waingereza. Thamani ya bandari ilikuwa kwenye kamba ya chuma iliyotoka Kilindini, ikapita Mariakani na nyika ya Taru, ikafika Voi, ikavuka daraja la Tsavo, ikaenda Nairobi na kuishia Kisumu. Reli ya Uganda ilianza kujengwa 1896 na kufika ziwani 1901. Askari, unga, risasi, nyumbu, barua, vyote vilipita humo. Ikikatwa reli, Mombasa inabaki kisiwa chenye gati, basi. Wajerumani hawakuhitaji kuipiga Mombasa kwa mizinga ya Königsberg. Waliweza kuinyonga kutoka nyuma.

Na nyuma palikuwa wazi. Mpaka uliochorwa na Wazungu ulipinda ukaiacha Kilimanjaro upande wa Wajerumani na Taveta upande wa Waingereza. Reli ya Tanga ilikuwa imefika Moshi tangu 1911, kwa hiyo Wajerumani waliweza kuleta watu mpaka karibu na mpaka wakiwa wamekaa kwenye behewa. Tarehe 15 Agosti 1914 waliingia Taveta. Palikuwa na polisi wachache tu, na mji ulianguka siku hiyohiyo. Wakapanda wakachimba mahandaki kwenye kilima cha Salaita, mashariki ya mji, na kwa miezi kumi na tisa bendera yao ilipepea juu ya ardhi ya Kenya ya leo.

Kati ya Taveta na Voi kuna kama kilomita 110. Anayepita leo kwa gari katika barabara ya lami huona mkonge wa Mwatate, milima ya Taita upande wa kaskazini ikiwa na ukungu wake, kisha mbuyu mmojammoja, kisha tembo, kisha uwanda mtupu. Kwa gari ni safari ya asubuhi moja. Kwa miguu, ukiwa na bunduki, mzigo wa baruti na kibuyu cha maji, ni jambo jingine kabisa.

Ndivyo walivyokwenda. Wajerumani walituma vikundi vidogo, watu kama kumi, Wazungu wawili au watatu na waliobaki askari wa Kiafrika na wapagazi. Walitembea usiku wakifuata nyota na njia za wanyama, mchana wakalala chini ya miiba. Wakifika relini walifukua kokoto chini ya reli kati ya mataruma mawili, wakatega baruti, wakafukia na kufagia nyayo zao kwa tawi. Treni ikipita, inalipuka. Wakati huo wao wako mbali, wakirudi walikotoka, na hapo ndipo adui wao wa kweli aliposubiri. Sehemu kubwa ya nyika ile haina mto. Maji ya kwenda yalihesabika, ya kurudi yalikuwa ya bahati. Wapo waliokunywa mkojo wao. Waliojeruhiwa hawakuweza kubebwa, na waliachwa porini usiku, karibu na simba. Jenerali von Lettow-Vorbeck mwenyewe, kamanda wa Wajerumani, ameandika kumbukumbu za doria hizo kwa heshima kubwa. Mimi huwafikiria zaidi wale askari na wapagazi ambao majina yao hayakuandikwa, vijana waliozikwa na fisi kwa ajili ya Kaiser ambaye hawakuwahi kumwona.

Hawa ndio walikuwa wavamizi wa zama mpya. Ukiondoa chumvi, kila kitu kimo: kikundi kidogo kinachotoka mafichoni, njia moja ndefu ya biashara isiyoweza kulindwa kila hatua, pigo la ghafla, kisha kutoweka. Nyika ilikuwa bahari yao, na visima vyake vilikuwa bandari.

Waingereza walijibu kama ambavyo kila mwenye njia ndefu hujibu. Waliweka walinzi madarajani, hasa Tsavo. Walikata vichaka pembeni mwa reli. Walitanguliza mabehewa yenye mchanga mbele ya injini ili yapokee mlipuko kabla yake. Lakini mwenye kulinda lazima awe kila mahali kila usiku, na mwenye kuvamia anahitaji usiku mmoja. Baada ya jaribio la kuiteka Tanga kushindwa vibaya mwezi Novemba 1914, makamanda wa Nairobi walikubali kwamba ni lazima kumfukuza adui Taveta.

Basi wakajenga reli ya kwenda vitani. Mapema mwaka 1915 tawi jipya lilianza kutoka Voi kuelekea magharibi, likapita Mwatate na Bura, na kufikia katikati ya mwaka lilikuwa limefika Maktau. Vikosi vya reli kutoka India vilitandika mataruma, vibarua wa Kiafrika walichimba udongo na kubeba vyuma. Maji yalivutwa kwa mabomba kutoka milima ya Bura, maana huko mbele hakukuwa na kisima cha kutosha hata farasi. Voi, kituo kidogo cha njiani, ikageuka mji wa mahema. Nikiwaza Voi ya leo, na kelele za matatu na wauza matunda pale stendi, napata shida kuiona Voi ile ya nyumbu, Wahindi wenye vilemba, Waingereza wenye homa na safu za wapagazi wakisubiri mzigo.

Hapo Maktau bahari ilifika kwa maana halisi. Baada ya Königsberg kuzimwa, sehemu ya kikosi cha ndege cha jeshi la majini la Uingereza kilichoiwinda Rufiji ilihamishiwa Maktau. Magari ya deraya ya mabaharia yakaletwa pia. Kwa upande wa pili, Wajerumani walizamia ndani ya mabaki ya meli yao, wakaiopoa mizinga yote kumi, wakaipeleka kwenye karakana za reli Dar es Salaam na kuitengenezea magurudumu. Mabaharia wake wakageuzwa askari wa nchi kavu. Mwezi Aprili mwaka huohuo meli iliyoitwa Rubens ilikuwa imepenya mpaka ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikibeba makaa ya Königsberg pamoja na bunduki na risasi. Manowari ya Kiingereza Hyacinth iliipiga, lakini haikuimaliza. Shehena iliopolewa, risasi zikaanikwa juani moja moja, na nyingi zikafanya kazi. Makaa hayakumfikia mvamizi wa baharini, risasi ziliwafikia wavamizi wa nchi kavu.

Katika makaburi ya vita ya Voi, yaliyo nadhifu na mawe yake yamepangwa mstari, amelala Wilbur Dartnell, luteni mzaliwa wa Melbourne, Australia. Tarehe 3 Septemba 1915 kikosi chake cha farasi kilivamiwa karibu na Maktau. Yeye alipigwa mguu. Alipoona majeruhi wengine hawawezi kuondolewa, na akijua kwamba wanaweza kuuawa, alikataa kubebwa, akabaki nao. Alikufa hapo, akatunukiwa Msalaba wa Victoria. Nilisimama mbele ya jiwe lake na nikamheshimu kwa moyo wote. Kisha nikatafuta kwa macho mahali walipolala wapagazi.

Kikosi cha wapagazi, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, ndicho kilichotuachia majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Upande wa Waingereza peke yake, vifo vilivyoandikwa vinapita 40,000, wengi kwa kuhara, malaria, baridi na njaa. Tunanunua vitunguu na kanga Kariakoo kila siku juu ya jina hilo.

Sasa nifike Kasigau, kwani ndiko kulikoniuma zaidi nilipokuwa nikiandika.

Kasigau ni mlima uliosimama peke yake kusini mashariki ya Voi, na vijiji vimeuzunguka chini: Rukanga, Jora, Kiteghe, Makwasinyi, Bungule. Juu kuna msitu wa ukungu, chini kuna nyika kavu. Mtu akikaa kileleni anaona uwanda wote mpaka reli, kama baharia juu ya mlingoti. Kwa sababu hiyo kila upande uliutaka. Waingereza waliweka kituo hapo. Mwezi Agosti 1915 Wajerumani walikivamia na kukiteka, wakaua na kuondoka na mateka.

Waingereza walihitaji wa kulaumiwa. Walisema wenyeji ndio waliomwonyesha adui njia. Inawezekana yupo aliyeonyesha, kwa hiari au kwa mtutu kifuani. Mwanakijiji asiye na silaha, akigongewa usiku na watu wenye bunduki wanaouliza njia, ana majibu mangapi? Hata hivyo hukumu haikumfuata mtu mmoja. Ilifuata mlima mzima. Nyumba zilichomwa moto, mifugo ikachukuliwa, na watu wote wa Kasigau, wazee, wajawazito na watoto mgongoni, wakaswagwa kwenda pwani na kupelekwa Malindi.

Tazama ramani uone ukatili wake. Watu wa mlimani, waliozoea hewa baridi na maji ya chemchemi, waliteremshwa kwenye joto la pwani na mbu wake. Malaria iliwafyeka. Walikufa wengi sana, na waliobaki walizika jamaa zao katika udongo ambao haukuwa wao. Pwani ambayo ilipaswa kulindwa dhidi ya adui ikawa kaburi la raia wake yenyewe. Ni vigumu kwangu kuiita hiyo ajali ya vita. Aliyetoa amri alijua anawapeleka wapi.

Mlima wenyewe, baada ya wenyeji wake kuondolewa, haukupona. Mwezi Desemba Wajerumani waliuteka tena na kukaa.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Januari 1916 Waingereza walichukua Mbuyuni, reli ikawafuata. Tarehe 12 Februari Waafrika Kusini, wengi wao wakiwa vitani kwa mara ya kwanza, waliivamia Salaita wakiamini askari weusi hawawezi kuwazuia. Walizuiwa, wakarudi nyuma kwa fujo, na waliowaokoa ni wanajeshi wa Kihindi wa kikosi cha Baluchi, ambao asubuhi yake walikuwa wakidharauliwa kwa rangi yao. Mwezi uliofuata Jenerali Jan Smuts alikuja na jeshi kubwa, akaizunguka Salaita badala ya kuigonga usoni. Wajerumani waliiacha Taveta. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Machi watu waliuana gizani kwenye vilima vya Latema na Reata, nyuma ya Taveta, na kulipokucha njia ya Moshi ilikuwa wazi.

Siku chache baadaye, huko Kahe, si mbali na Taveta, majeshi ya Smuts yalipigwa na mzinga mzito uliowashangaza kwa masafa yake. Ulikuwa mmoja wa mizinga kumi ya Königsberg. Ulitengenezwa ili uzamishe meli za chai katika Ghuba ya Aden, na sasa ulikuwa ukifyatua juu ya mikwaju na migomba, chini ya theluji ya Kilimanjaro. Wajerumani walipoondoka waliulipua wasiuache mzima. Mwingine wa ndugu zake uko Pretoria, na mwingine ndio huo wa Fort Jesus.

Vita viliteremka kusini, kuelekea Morogoro na Rufiji, na reli ya Uganda ikapumua. Treni zilipita Voi bila behewa la mchanga mbele. Tawi la Taveta liliunganishwa na reli ya Moshi, na stesheni za Mwatate, Bura na Maktau zikaanza kupakia mkonge pale zilipokuwa zikipakia risasi. Mombasa ilikuwa salama.

Watu wa Kasigau walikuwa bado Malindi. Adui aliyedaiwa kusaidiwa nao alikuwa amefukuzwa mlimani, kisha akafukuzwa nchini, kisha akasalimu amri mwaka 1918, na bado hawakuruhusiwa kwenda nyumbani. Walihamishwahamishwa, mashamba yao yakaota pori. Mpaka mwaka 1936, zaidi ya miaka ishirini baada ya nyumba zao kuchomwa, ndipo waliorudi walipomaliza kurudi. Wengine walikuwa wameondoka wakiwa wamebebwa mgongoni na sasa walibeba watoto wao. Walikuta vichaka vimefunika misingi ya nyumba, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kuuliza wazee wachache waliokuwa hai: kisima kilikuwa wapi, na kaburi la babu liko chini ya mti gani.